Mtani Lazima Ajibu

Siku aliyokufa, kazi kubwa ya Sikudhani Pazi ilikuwa kujizuia asicheke.

Alikuwa amelazwa mkekani katikati ya ua, kaviringishwa sanda, pamba puani. Maelekezo aliyopewa asubuhi hiyo yalikuwa mepesi kuliko yote aliyowahi kupewa tangu aanze kuigiza akiwa msichana: lala, usipumue kwa nguvu, ngoja mtoto alie. Mtoto akishalia, kazi imekwisha, wote tunakwenda kula.

Basi mtoto hakulia.

"Nani kasema huyu anazikwa?" Sauti ya Minza, mtoto mwenyewe, ilitokea mlangoni, kavu, ya ugomvi. "Huyu Mzaramo anajifanya. Mimi namjua. Kasikia leo zamu yake ya kuteka maji, akaona afadhali afe!"

Waombolezaji waliojaa uani walinyamaza. Maskini, wangefanya nini? Walikuwa watu wa kutengenezwa na mashine, na mashine ilikuwa imeambiwa kitu kimoja tu, iwalize.

Sikudhani alifumbua jicho kidogo, akachungulia kwenye upenyo wa sanda. Minza alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, tena kwa kuigeuza ndani nje. Mkononi ana fimbo ya marehemu. Akaanza kuuzunguka ua kwa mwendo wa marehemu, mguu wa kushoto ukiburuta, huku akikohoa kikohozi cha marehemu: cha kwanza kifupi, cha pili kirefu, kisha "Ya Rabi!" ya kuvuta. Aliipatia hiyo "Ya Rabi" mpaka mwenyewe aliyelala chini akaona haya.

"Shambani haonekani, ngoma ikilia yuko mbele! Nani atakula ugali wote ule aliokuwa anakula? Tumpelekee nani?" Akaja akakaa kitako kizingitini, akatandaza miguu yake mirefu, akaziba njia. "Haondoki mtu hapa mpaka nipewe jogoo wangu. Mwekundu. Mkiniletea mweupe nitalala hapahapa."

Kwenye neno jogoo sauti ilimkatika. Sikudhani aliisikia ikikatika. Kisha akasikia msichana anakohoa kwa makusudi, anaiweka sauti sawa, anaendelea kutukana.

Ambaye hajawahi kuzikwa na mtani wake hawezi kujua utamu wake. Mtani haji msibani kulia. Wa kulia wapo. Yeye anakuja kuwashika wafiwa wasimfuate aliyekwenda, na anawashika kwa kuwachekesha, hata kama yeye mwenyewe moyoni anachinjwa. Minza, Msukuma, alikuwa anamzika mtani wake wa Kizaramo kama inavyopasa, wala hakufundishwa na mtu. Chini ya sanda, machozi yalikuwa yanamtiririka Sikudhani mpaka masikioni, na tumbo linamruka kwa kicheko.

Kabla sanda haijatikisika, mashine ikazimwa.

*

Alizindukia kwenye kiti, katika studio iliyoko Morogoro, na kijana aliyekuwa anamvua kofia ya nyaya kichwani alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati. Kijana huyo ndiye Hiari, fundi wa mashine.

"Bi Sikudhani," alinong'ona, "nimecheka mpaka nimelia. Ila bosi amekasirika."

Ng'ambo ya kioo, kwenye kiti cha pili, Minza alikuwa amelala usingizi wa mashine. Kila akizinduka Sikudhani alishtuka upya kumwona. Huko ndani alimwacha mwanamke wa miaka kumi na minane, mrefu, mwenye kovu la radi begani. Hapa palikuwa na mtoto wa darasa la sita, miguu inaning'inia, haifiki kwenye kibao cha kuwekea miguu.

Hebu tuelewane kuhusu hili jambo, maana wengi mnaiangalia sinema na kununua bisi bila kuuliza. Sinema ya kwanza ya Kimulimuli iliishia pale mtoto yatima anapandishwa mlimani akafundishwe kuushika umeme wa radi kwa mkono. Ya pili inaanza anaposhuka, shujaa kamili. Katikati hapo pana nini? Zamani paliandikwa tu "miaka sita baadaye", mtazamaji akakubali. Siku hizi hakubali. Mwili wa mtoto kompyuta inaukuza, inaurefusha, inaupaka makovu, yote hayo ni kazi ya asubuhi moja. Macho ndiyo yaliyoishinda. Kampuni iliwahi kumvika mtoto umbo la mtu mzima, na watu wakazomea ukumbi mzima kwa sababu mule machoni alikuwa bado anatafuta peremende.

Ndipo wakanunua mashine waliyoiita Pengo. Mtoto analazwa, anaiishi ile miaka ya katikati, siku kwa siku, mvua kwa mvua. Mchana mmoja wa nje ni msimu mzima wa ndani, tangu kupanda hadi kuvuna. Akiwa humo hakumbuki mlango alioingilia wala wazazi wake waliopiga picha na mkataba. Lakini jina lake wanamwachia, na kabila lake, na lugha yake, kwani wale wa mwanzo walionyang'anywa vyote walitoka na macho kama ya samaki aliyekwishapikwa.

Mwalimu wake wa humo, kazi aliyopewa Sikudhani, yeye anakumbuka. Jioni anatoka, anarudi nyumbani, na jirani anamdai ndoo aliyoazima jana yake huku yeye akilini mwake imepita nusu mwaka.

Siku ya kwanza huko ndani, mtoto alikataa kula. Alikaa kwenye kona ya nyumba ya mawe akitetemeka. Sikudhani alijaribu maneno yote mazuri yaliyoandikwa na kampuni, kuhusu nuru na hatima, mtoto hakumwangalia hata. Mwishowe alichoka, akauliza swali la kawaida: "Kwani wewe kabila gani?"

"Msukuma."

"Lo! Ndiyo maana nyumba inanuka michembe, viazi vyenu vya kukausha! Wamenipa mtumwa wangu nimfundishe, dunia imekwisha!"

Mtoto alinyanyua kichwa. Akamtazama bibi yule juu mpaka chini. Kisha akasema maneno yake ya kwanza mlimani: "Mzaramo utanifundisha nini? Kulala?"

Akala sahani mbili.

Yote yaliyofuata yalijengwa hapo. Kusimama kwenye mvua bila kukunja mabega, alimfundisha kwa kumtukana. Kuushika umeme kwa tumbo badala ya mkono, kwa kumtukana. Alipoungua bega, mwaka wa tatu, alimpaka dawa usiku kucha akimwambia kuwa sasa angalau ng'ombe wa kwao watamtambua kwa chapa. Miaka sita Minza hakumwamkia shikamoo hata siku moja. Asubuhi yao ilikuwa: "Umeamka, Mzaramo, au ndiyo umekufa?" Na Sikudhani, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alijibu kila asubuhi akiwa na furaha ambayo aliogopa hata kuitaja.

*

Mwongozaji wa sinema, Gervas Komba, aliingia na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sikudhani alijiweka tayari. Komba hakuwahi kukuumiza kabla ya kukuamkia.

"Ule msiba hautufai."

"Ulikuwa msiba mzuri kuliko wote niliowahi kuuona."

"Mama, mimi Mngoni. Nimewazika watani zangu, nimekalia majeneza, nimedai kuku. Ninajua tulichokiona pale." Alionekana kweli amechoka. "Ndiyo maana nina hasira. Sisi sote humu tuna watani, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Tumeandika kifo, tumechora mlima, tumesahau kwamba Msukuma hamlilii Mzaramo. Sasa nimwambie nini mtazamaji wa Seoul? Yeye ataona msichana mwalimu wake amekufa naye anacheza. Angalia macho."

Hiari aliyaleta kwenye skrini. Macho ya Minza, makubwa kama meza. Yalikuwa na uchungu ndani, ndiyo, lakini juu ya uchungu palikuwa na kitu kingine kinachong'aa, kitu cha mtu aliyependwa sana na anayejua.

"Hayo ni macho ya mtu aliyeshiba," alisema Komba. "Kimulimuli anashuka mlimani akiwa hamwamini binadamu yeyote. Sinema nzima imesimama hapo. Kifo hakitaweza. Ukifa mara kumi, mara kumi atadai jogoo. Kwa hiyo siku ya leo tunaikata, haitakuwepo kichwani mwake. Na kesho, mama, utamsaliti. Utamkabidhi kwa Wawindaji, wale wanaowasaka watoto wenye umeme."

Sikudhani alicheka, kicheko cha kutokuamini. "Tafuta mwingine."

"Sawa. Lakini akija mwingine hatuwezi kuendelea hapa tulipofika. Tunafuta yote, tunamrudisha mwanzo na mwalimu mpya. Mtoto hatasikia maumivu yoyote. Hatajua."

"Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Huyu mkubwa. Aliyekaa mlangoni kwangu sasa hivi. Mkimfuta anakwenda wapi?"

Komba alitazama kahawa yake. "Haendi popote, mama. Anakuwa hakuwepo."

Hiari aligeukia mitambo yake, akawa anabonyeza kitu kisichohitaji kubonyezwa.

Sikudhani aliona njia mbili, zote chafu. Akikataa, Minza wake anafutika kama chaki: kovu, matusi, kile kimo, kikohozi anachokiiga. Atabaki mtoto wa darasa la sita na kesho yake atapewa mwalimu mwingine, pengine mkali, pengine wa fimbo, naye ataumizwa huko badala ya hapa. Akikubali, Minza anaishi, ila anaishi na yeye Sikudhani akiwa ndani yake kama mwiba.

"Akishatoka," aliuliza polepole, "anaruhusiwa kuambiwa ukweli?"

"Sheria inatulazimisha tumwambie. Ataelezwa yote, kwamba wewe ni mwigizaji na uliamriwa. Utamwambia mwenyewe ukitaka."

"Basi atanielewa."

"Ataelewa," alisema Hiari bila kugeuka. "Bi Sikudhani, usinichukie. Mimi mama wa kambo aliniunguza kwa mwiko nikiwa mdogo. Alishaniomba radhi, na nilimsamehe kwa moyo mweupe, na ninamjengea nyumba. Ila mpaka leo akinyanyua mwiko jikoni, mimi najikunja."

Komba alimkata jicho, akaendelea kama hakusikia. "Tatizo lililobaki ni namna ya kumkamata. Hiari, mweleze."

"Wawindaji hawampati. Nimewajaribu kwenye mashine mara nyingi. Mvua ikinyesha akajificha, hata mashine yenyewe inamtafuta. Umemfundisha kupita kiasi."

Hapo ndipo Sikudhani alipojiangamiza. Kiburi cha mwalimu kilimpanda. Kusikia kwamba mwanafunzi wake ameishinda mashine kulimjaza kifua, na kinywa kikasema kabla ya akili.

"Mimi nampata."

"Vipi?"

"Namtania. Nikimtania atajibu. Hata awe amewekewa kisu shingoni, mtani hawezi kuliacha tusi lipite."

Komba aliweka kikombe mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Mama," alisema, "hiyo ni nzuri."

Sikudhani alitamani aurudishe ulimi wake nyuma. Haukurudi.

*

Mvua ilikuwa inanyesha mlimani mchana wa siku iliyofuata. Wawindaji walisimama kulizunguka bonde la mawe, kila mmoja na fimbo yake ya shaba, ile inayonyonya umeme wa mtoto na kumwacha amelegea. Minza alikuwa humo humo bondeni, na hakuna aliyemwona.

"Sasa, mama," sauti ya Komba ilimwambia sikioni.

Sikudhani alisimama juu ya jiwe. "We Msukuma," aliita.

Aliita vibaya makusudi. Alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akiomba mtoto asikie kwamba pana kitu hakiko sawa. Mvua ikanyesha. Bonde halikujibu. Moyo wake uliruka kwa fahari: umejifunza, mwanangu, nyamaza hivyo hivyo.

"Mama, umeigiza miaka arobaini," Komba alisema, bila hasira. "Usijifanye hujui. Hiari ameshaweka kidole kwenye kufuta. Fanya kweli au tumalize."

Akafanya kweli. Mungu amsamehe, alijishika kiuno, akaburuta mguu wa kushoto, na sauti ikamtoka ile ya kila asubuhi, ya mapenzi matupu:

"We Msukuma! Umejificha na michembe yako unaogopa nitaomba? Kula, kula peke yako, tumbo litakusuta!"

Kisha, kutoka kwenye mawe, karibu kabisa na miguu yake, kikaja kicheko kilichoshindwa kujizuia.

"Mzaramo wewe! Michembe nile mimi, kazi yako kunusa!"

Fimbo zote za shaba ziligeukia pale.

Minza aliinuka. Aliwaona Wawindaji, na cha kwanza alichofanya, kabla ya kuinua mkono wake wenye umeme, kabla ya kujitazama mwenyewe, alimtazama bibi yake juu ya jiwe akapiga kelele: "Kimbia, Mtani! Wamekufuata! Kimbia, nitawashika mimi!"

Hakukimbia. Neno alilopewa lilikuwa moja tu.

"Mchukueni," alisema Sikudhani.

Umeme uliokuwa umeanza kuwaka kiganjani mwa Minza ulizimika wenyewe. Fimbo hata hazijamgusa. Alisimama mvuani mabega yamekunjika, kama siku ya kwanza, akimtazama. Sikudhani alitaka kufumba macho.

"Usifumbe, mama," Komba alinong'ona, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Mwangalie hivyo hivyo. Hayo. Hayo ndiyo macho."

*

Minza alipotoka Pengoni walimweleza kila kitu, taratibu, na daktari akiwepo. Hiari ndiye aliyemsimulia Sikudhani. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu ya busara, akasema ameelewa. Mama yake mzazi alikuja kutoka Shinyanga, akakaa naye siku nzima, na alipotoka alimuuliza Hiari kwenye korido: "Huyu mgeni ataondoka lini, nirudishiwe mwanangu?"

Sikudhani alingoja mpaka upigaji wa sinema ulipoanza. Asubuhi moja akaenda sokoni, akachagua jogoo. Alikataa weupe, alikataa wa madoadoa, wauza kuku wakamcheka, mpaka akampata mwekundu kabisa. Akambana jogoo wake kwapani akaingia naye studio. Mlinzi alitaka kumzuia, alipomwona usoni akamwacha.

Minza alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akinywa chai. Alinyoosha mkono kuchukua andazi na mkono haukufika. Aliutazama kidogo ule mkono mfupi, bila mshangao, akajisogeza mbele. Halafu akainua macho, akamwona.

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa hotuba nzima. Angemweleza kuhusu kidole cha Hiari, kuhusu kufutwa. Angemwambia: nilikuuza ili ubaki. Lakini alipoyaona macho yale, hotuba yote ilimtoka, akashika kile alichokijua.

"We Msukuma!" alisema, na mguu ukaburuta wenyewe. "Unakunywa chai ya watu utafikiri umeipanda wewe! Nimekuletea jogoo wako. Mwekundu. Nipishe sasa nizikwe!"

Akangoja.

Minza alimtazama jogoo. Alionekana anatafuta, kwa adabu, maana ya jogoo yule. Hakuwa na kumbukumbu ya ua, wala sanda, wala kanga iliyogeuzwa. Siku hiyo waliikata. Ilikuwa imebaki kichwani mwa mtu mmoja tu duniani.

Mabega yake madogo yalijikunja, kidogo sana. Kisha akaweka kikombe chini, akasimama, akapiga goti kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Jogoo alifurukuta kwapani.

"Tusi hilo unaliacha lipite?" Sikudhani alisema. Sauti ilikuwa imeanza kumkatika, akakohoa kuiweka sawa. "Minza. Nimekutukana. Jibu."

"Nimeelezwa yote, mama. Nimeelewa, sina kinyongo." Alisema hivyo kweli, na alikuwa hasemi uongo. "Asante kwa kuku. Mpishi yuko kule nyuma, atampokea."

Mlangoni Komba alikuwa amesimama na mpiga picha wake, akimnyooshea kidole yule mtoto kwa ukimya, aone macho yalivyo.

Minza alikuwa bado amepiga goti. Hakuinuka, kwani mkubwa alikuwa hajaitikia.

"Marahaba," alisema Sikudhani.